Kufuatilia muziki wa indi wa Skandinavia: hatua kwa hatua kwa anayeanza

Maswali ni yaleyale kila mara. Nianze na bendi gani? Lazima nijue Kiswidi? Mbona albamu niliyotajiwa siioni? Wenzangu wanajuaje bendi mpya miezi kabla yangu? Mwongozo huu unamjibu mtu mwenye simu ya kawaida na bando la kawaida.

Indi hapa ni muziki unaotolewa na lebo ndogo (kampuni za kutoa rekodi) au na wanamuziki wenyewe, nje ya makampuni makubwa. Si mtindo mmoja. Humo utakuta magitaa ya kunong'ona ya Bergen (Norwe), pop ya jua la kiangazi ya Göteborg (Uswidi), na vijana wa Copenhagen (Denmaki) wanaopiga kelele kana kwamba jirani hayupo.

Shika hili kwanza: usifuate wimbo, fuata lebo na mji. Wimbo utakupeleka kwenye wimbo mwingine unaofanana nao, basi. Lebo inakupeleka kwa watu, na watu wa huko ni walewale, leo bendi hii, kesho ile.

Mpaka nao uujue. Skandinavia ni Uswidi, Norwe na Denmaki. Iceland na Ufini ni majirani wanaoingizwa kwenye jina pana la nchi za Nordiki. Muziki wao ni mzuri, ila una lebo zake na magazeti yake. Ukianza na nchi tano kwa mpigo utachoka kabla mwezi haujaisha.

VITU VYA KUWA NAVYO

- Akaunti ya shabiki ya Bandcamp, tovuti ambako wanamuziki na lebo huuza muziki wao moja kwa moja. Ni bure. Wakati wa kujisajili chagua upande wa shabiki. Wengi hufungua ya msanii kwa bahati mbaya, kisha wanashangaa wanaulizwa wapakie nyimbo.
- Programu moja ya kusikilizia. Spotify, iliyozaliwa Stockholm, inapatikana Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi tangu Februari 2021. YouTube pia inatosha.
- Barua pepe ya pembeni kwa ajili ya majarida ya lebo. Usitumie ya kazini.
- Bando. Saa moja ya muziki kwa kbps 96 (kipimo cha ubora wa sauti) hula takriban MB 43; kwa kbps 160, MB 72; kwa kbps 320, MB 144. Kwa hedifoni za bei ya chini, 160 inatosha kabisa.
- Daftari, au ukurasa mmoja wa maandishi kwenye simu.
- Nusu saa kila Ijumaa. Hiyo ndiyo inayowashinda wengi, si fedha.
- Ukitaka kununua: kadi ya Visa au Mastercard iliyoruhusiwa kulipia mtandaoni nje ya nchi, hata ile ya kidijitali inayofunguliwa kwenye huduma ya pesa za simu.

HATUA

1. Chagua mji mmoja na ukae nao mwezi mzima.

Kama unapenda nyimbo za kuimbika, anza na Göteborg. Ndiko walikotoka Jens Lekman, José González, Little Dragon, The Embassy na The Tough Alliance. Ukipenda utulivu na gitaa la nyuzi za nailoni, nenda Bergen, mji wa Kings of Convenience. Kama unachotaka ni kinachotokea sasa hivi, chukua Copenhagen. Kwa miaka ya karibuni hakuna mji wa huko uliotoa muziki wa kushangaza kama huo, na wengi wao wamepita chuo kimoja, Rytmisk Musikkonservatorium, wakiwemo ML Buch na Clarissa Connelly.

Usianze na Stockholm. Si kwamba ni mbaya. Ni kwamba kila kitu kiko pale, pamoja na viwanda vya pop ya redio, na mgeni hajui kutenganisha.

2. Zoeza sikio kwa albamu tano, nzima, bila kuruka.

- Kings of Convenience, Quiet Is the New Loud (2001). Sikiliza jinsi sauti mbili zinavyobanana bila ngoma kubwa.
- José González, Veneer (2003). Mtu mmoja na gitaa. Humo kuna Heartbeats, ambao kwa asili ni wimbo wa The Knife. Sikiliza zote mbili mfululizo uone umbali kati ya gitaa na mashine za kielektroniki.
- The Radio Dept., Lesser Matters (2003), bendi ya Lund, Uswidi. Ukungu wa sauti ni wa makusudi, simu yako haijaharibika.
- Iceage, New Brigade (2011), Copenhagen. Haifiki nusu saa. Usiisikilize usiku wa manane ukitaka kulala.
- Astrid Sonne, Great Doubt (2024), wa Denmaki vilevile. Viola (ndugu ya fidla mwenye sauti nzito kidogo), mashine na sauti iliyo karibu sana na kipaza sauti.

Albamu tano kwa siku tano. Kwenye daftari andika mambo mawili tu kwa kila moja: lebo iliyoitoa, na jina la mtu mmoja aliyeshiriki ambaye si mwimbaji. Hayo mawili utayahitaji hatua ya 3 na ya 5.

3. Tengeneza orodha ya lebo, zisizozidi sita.

Hizi zinatosha kuchagulia: Labrador na PNKSLM (Stockholm), Adrian Recordings (Malmö), YEAR0001 (Stockholm, iliyowatoa Viagra Boys na Yung Lean), Smalltown Supersound na Jansen Records (Norwe), Escho na Tambourhinoceros (Copenhagen). Ukitaka historia ya Göteborg, tafuta matoleo ya Service na Sincerely Yours. Usitarajie mapya, lakini ya zamani yanaeleza nusu ya kilichofuata.

Kwa kila lebo fanya hivi: fungua ukurasa wake wa Bandcamp, bonyeza kitufe cha kufuata, halafu nenda kwenye tovuti yake yenyewe ujiandikishe jarida la barua pepe. Vyote viwili. Arifa za Bandcamp hukuambia kilichotoka. Jarida la lebo mara nyingi hukuambia kitakachotoka. Kwa kawaida wimbo wa kwanza wa albamu hutangulia miezi miwili au mitatu, na ndiyo siri yote ya wale wanaoonekana kujua mapema.

Onyo: usifuate lebo 30 siku moja. Barua pepe zitajaa, utaacha kuzifungua, na mwezi wa pili hutakuwa unafuatilia chochote.

4. Andika majina kwa herufi zake.

Hapa ndipo utafutaji wa wengi hufa. Kiswidi kina å, ä, ö. Kinorwe na Kidenmaki vina æ, ø, å. Hizi ni herufi kamili, si mapambo, na kwenye alfabeti zinakaa mwisho baada ya z. Duka linalopanga bendi kwa herufi litaweka Ö chini kabisa, si karibu na O. Kwenye simu huhitaji kusakinisha kitu: bonyeza a au o bila kuachia, herufi zitajitokeza juu.

Miji nayo ina majina mawili. Waingereza huandika Gothenburg na Copenhagen, wenyeji Göteborg na København. Kwenye Bandcamp, tagi (maneno ya kutafutia) hutumiwa kwa namna zote mbili, kwa hiyo tafuta mara mbili.

Kisha kuna bendi zenye majina ya kukomoa watu. Ukiandika Air France utafika uwanja wa ndege kabla hujafika Göteborg. Studio, Fine, jj na Mew ni vilevile. Dawa ni kuongeza jina la lebo au la albamu: "Air France Sincerely Yours", "Fine Escho".

5. Fuata watu, si bendi peke yake.

Chukua jina ulilolinasa hatua ya 2 na uulize: anapiga wapi tena? Mifano itakuonyesha njia.

Johan Angergård yumo Club 8, Acid House Kings na The Legends, na ndiye anayeendesha Labrador. Mtu mmoja, bendi tatu na lebo.

Victoria Bergsman aliimba na The Concretes, akasikika kwenye Young Folks ya Peter Bjorn and John mwaka 2006, kisha akaendelea kama Taken by Trees. Björn wa bendi hiyohiyo, yaani Björn Yttling, ndiye aliyetayarisha Youth Novels ya Lykke Li mwaka 2008.

Karin Dreijer alikuwa Honey Is Cool, akaunda The Knife na ndugu yake Olof, na sasa ni Fever Ray. Annika Norlin huimba kwa Kiingereza akiitwa Hello Saferide na kwa Kiswidi akiitwa Säkert!; asiyejua hudhani ni wasanii wawili. Wanawake wawili wa Smerz ni wa Norwe, ila muziki wao umekulia Copenhagen na Big city life (2025) imetoka Escho.

Mkiuliza kwa nini nchi ndogo hivi zina bendi nyingi hivi: Uswidi ina shule za muziki za manispaa kwa watoto na vyama vya elimu ya watu wazima vinavyosaidia bendi kupata vyumba vya mazoezi. Nadharia inatosha hapo.

6. Tumia redio kukamata wasio na lebo bado.

Norwe kuna Urørt ya NRK, shirika la utangazaji la taifa, mahali ambapo wanamuziki wasio na mkataba hupakia nyimbo zao na redio huchagua mmoja wa wiki. Denmaki kuna KarriereKanonen ya DR, shirika la taifa la huko, kwa chipukizi, na idhaa ya P6 Beat kwa indi ya kila siku. Uswidi ni P3 ya Sveriges Radio. Zote husikilizwa mtandaoni.

Saa zinachanganya, kwa hiyo zipige hivi. Stockholm, Oslo na Copenhagen hutumia saa zilezile. Majira ya baridi wako nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa mbili. Kiangazi, kwa saa moja. Hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Tangazo likisema 20.00 mwezi wa Januari, kwako ni saa nne usiku. Likisema hivyo Julai, ni saa tatu usiku. Kigali, Bujumbura na Lubumbashi wana bahati: kiangazi saa zao ni sawasawa na za Stockholm. Na kumbuka tarakimu zao huanzia usiku wa manane. 20.00 yao husomwa saa mbili usiku kwa Kiswahili, kabla hujaongeza tofauti ya saa; kuchanganya hapo bado kunawapitisha watu matangazo ya moja kwa moja.

Lugha haikuhitaji zaidi ya maneno machache. Låt ni wimbo kwa Kiswidi. Wanorwe huandika låt vilevile. Skiva, plate na plade ni albamu kwa Kiswidi, Kinorwe na Kidenmaki. Recension ni uhakiki Uswidi. Kwa wengine wawili ni anmeldelse. Utsålt au slutsålt, utsolgt, udsolgt: tiketi zimekwisha. Spelning ni onyesho la Kiswidi. Kwa habari za Denmaki soma Gaffa, gazeti lililoanzia Aarhus mwaka 1983; kitafsiri cha simu kinalimudu vizuri.

7. Ijumaa, nusu saa, kwa mpangilio huu.

Tangu Julai 2015 albamu mpya duniani hutoka Ijumaa. Dakika 5: fungua majarida ya wiki, nakili majina tu, usisome sifa. Dakika 15: sikiliza wimbo mmoja wa kila jina, sekunde 90 za kwanza, unaokugusa uweke alama. Dakika 10: rudia zile alama mwanzo hadi mwisho. Kinachobaki kiingie kwenye orodha yako ya mwezi, isiyozidi nyimbo 20. Ukitaka kuingiza wa 21, mmoja atoke. Ubahili huo ndio unaokufundisha kusikia.

8. Soma mabango ya matamasha kutoka chini kwenda juu.

Majina makubwa ya juu unayajua. Yaliyoandikwa kwa herufi ndogo chini ndiyo kazi yako. SPOT ya Aarhus hufanyika Mei, na tangu 1994 kazi yake ni hiyohiyo, kuonyesha wapya wa Denmaki na majirani. Roskilde, iliyoanza 1971, ni mwisho wa Juni na mwanzo wa Julai. Siku zake za mwanzo huachiwa chipukizi. Agosti kuna Øya ya Oslo na Way Out West ya Göteborg, na mara nyingi wiki zao hukaribiana, jambo linaloeleza kwa nini wasanii walewale huonekana kote. by:Larm ilianza 1998 ikihama mji hadi mji, ikatulia Oslo mwaka 2008. Hiyo ndiyo ya kufuatilia zaidi, kwa kuwa waalikwa wake wakubwa ni watu wa lebo na redio wanaotafuta wa mwakani.

Bango likitoka, chagua majina 10 ya wenyeji ambayo hujawahi kuyasikia. Wimbo mmoja kila jina. Ukipata mawili ya kubaki nayo, umevuna.

9. Nunua kwa akili.

Bandcamp hukata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, na kwa wanaouza zaidi hushuka hadi 10. Siku zinazoitwa Bandcamp Friday haikati fungu lake kabisa. Si kila mwezi, angalia tarehe zilizotangazwa, na hesabu hufuata saa za California: kwetu huanza saa nne asubuhi ya Ijumaa, au saa tano Marekani wanapokuwa kwenye saa za baridi, hadi muda uleule Jumamosi. Ukinunua Ijumaa alfajiri umewahi mno.

Angalia sarafu. Krona ya Uswidi, ya Norwe na ya Denmaki ni pesa tatu tofauti na thamani hazilingani. Ya Denmaki imefungwa kwenye euro, takriban 7.46 kwa euro moja. 80 SEK (za Uswidi) na 80 DKK (za Denmaki) si bei moja.

Pakua MP3 ya kbps 320 kwenye simu: albamu ya dakika 40 ni karibu MB 96. FLAC, faili la sauti lisilopunguzwa ubora, ya albamu hiyohiyo inaweza kufika mara mbili au tatu ya hapo, na haina maana kuipakua kwa bando. Ngoja upate Wi-Fi.

Santuri ni jambo jingine. Yenyewe ina uzito wa gramu 140 hadi 180, lakini pamoja na jalada na boksi hukaribia nusu kilo, na nauli kuja Afrika Mashariki yaweza kuipita bei ya santuri. Ukiagiza, andika namba ya simu pamoja na sanduku la posta, uliza kama watakuondolea kodi ya huko ya asilimia 25, na weka akiba ya ushuru wa hapa. Usiiache kwenye gari juani, ikipinda haitanyooka.

KWA WALIOKO HUKO HUKO

Mnaoishi Stockholm, Oslo au Copenhagen mna njia ya mkato. Nendeni kwenye kumbi ndogo: Pustervik ya Göteborg, Debaser ya Stockholm, Blå ya Oslo, Loppen ya Copenhagen, na Hulen ya Bergen iliyo ndani ya handaki la zamani la kujikinga na mabomu. Kumbi nyingi zina kikomo cha umri wa miaka 18 na zaidi, kwa hiyo beba kitambulisho halisi, si picha yake. Roskilde huendeshwa na maelfu ya wanaojitolea: unafanya zamu, unapata kuingia. Nafasi hujaa miezi kabla. Na redio ya zamani ya FM usiihangaikie Norwe. Matangazo ya kitaifa ya FM yalizimwa mwaka 2017.

MAMBO YANAPOKWAMA

Albamu haionekani popote. Huenda imeondolewa au imebadilishwa jina. Mfano mzuri ni Night Falls Over Kortedala ya Jens Lekman (2007): kwa sababu ya haki za vipande vya muziki vilivyonaswa kutoka rekodi nyingine, iliondolewa, na mwaka 2022 ikarudi kwa sura mpya kama The Linden Trees Are Still in Blossom. Kabla ya kulaumu programu, soma ukurasa wa msanii.

Ukurasa wa msanii una nyimbo zisizofanana naye. Programu imechanganya wasanii wenye jina moja. Ingia kupitia albamu unayoijua, si kupitia jina.

Kipindi cha redio kinagoma kufunguka. Vingine hufungwa nje ya nchi kwa sababu ya haki za muziki. Nenda kwenye ukurasa wa kipindi utafute låtlista, yaani orodha ya nyimbo zilizopigwa, kisha uzitafute kwingine.

Bandcamp imesimamisha wimbo ikitaka ununue. Msanii ameweka kikomo cha kusikiliza bure. Tafuta wimbo huo YouTube, au ukisikia umerudi mara nne tano, ulipie tu.

Mapendekezo ya programu yamekwama kwenye majina yaleyale matano. Umesikiliza orodha za wengine kupita kiasi. Kwa wiki mbili sikiliza albamu nzima za lebo zako sita, na mapendekezo yatabadilika.

Kadi inakataliwa. Mara nyingi ni benki, si duka: malipo ya nje yamefungwa au kadi ya kidijitali haina salio la kutosha baada ya kubadilisha fedha. Ongeza kidogo juu ya bei, ujaribu tena.

Kila kitu kinasikika kimoja. Hamia mji mwingine. Aliyekaa na Bergen wiki sita ana haki ya kwenda kupigiwa kelele Copenhagen.